Shikome ya Gesi

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza, na Segese ilikuwa na joto la kuwafanya mbuzi wasigombane, nilipopigiwa simu na mtu akaniuliza kama ninaweza kufunga mahali pa kuotea moto ndani ya nyumba yake. Nilikata simu. Akapiga tena. Akasema hatanii, mzigo umekwisha kufika kutoka ng'ambo, umo kwenye boksi sebuleni, na mafundi wawili wameshaukimbia.

Mimi ni fundi wa gesi. Kwetu ni Ushirombo, makao yangu ni Kahama. Nafunga majiko ya hoteli na ya kantini za migodini, pamoja na mabomba yanayotoa hewa chafu jikoni. Kazi niliisomea chuoni, kisha nikaitumikia miaka kadhaa kwenye kambi ya mgodi upande wa Geita, mahali ambapo usipoandika jina lako kwenye karatasi hugusi hata kiberiti. Watu wakija karakana kwangu wakamkuta mwanamke, huniuliza fundi yuko wapi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia ametoka kidogo, nawapa kiti, kisha navaa ovaroli mbele yao.

Aliyenipigia nitamwita bosi, kwa kuwa kila mtu pale Segese alimwita hivyo, hata watu ambao hakuwahi kuwaajiri. Alianza maisha kwa kushuka duarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akiwa na kamba kiunoni na tochi kichwani. Sasa alikuwa na makarasha yake ya kusagia mawe, na nyumba ya vyumba saba yenye vigae vya rangi ya maziwa kuanzia uani hadi chooni. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake amebaki peke yake kijijini, nyuma ya Tinde. Bosi alimsihi mzee aje kuishi naye. Mzee akakataa, akaombwa tena, akakataa, mwisho akakubali kwa sharti moja: nyumba iwe na shikome.

Asiyekulia usukumani pengine hajui shikome. Ni moto wa jioni, unakokwa uani, na wanaume wa mji hukaa kuuzunguka. Hapo wanaota, wanakula, wanasimulia ng'ombe waliopotea na waliopatikana, na vijana wanafundishwa adabu kwa njia ya mzaha. Mwanamke huleta chakula na kuondoka. Hakai. Mimi kwetu ni Wasumbwa, lakini hilo nalijua, na mke wa bosi alilijua kuliko mimi maana alizaliwa ndani yake.

Uani kwa bosi hapakuwa na mahali pa kukoka moto. Palikuwa na magari mawili, na vigae, na mke asiyetaka kuona jivu. Ndipo bosi akakumbuka hoteli moja aliyolala ng'ambo alipofuata mashine, ambako aliona moto ukiwaka ukutani, nyuma ya kioo, bila kuni. Akaagiza mmoja.

Nilifungua boksi. Ndani kulikuwa na sanduku la chuma lenye kichomeo, magogo ya udongo yaliyochongwa yafanane na kuni, kioo kizito cha mbele, vipande vya bomba, na kitabu. Nilikaa na kile kitabu siku mbili. Bosi hakuwa amewahi kuona fundi anayesoma. Nilimsikia akimwuliza mkewe jikoni kama nimekwama.

Sikuwa nimekwama. Nilikuwa natafuta bomba linavyotakiwa kupita, kwa sababu kwenye kazi ile moto ni sehemu ndogo na bomba ndiyo kazi yenyewe. Lilikuwa bomba ndani ya bomba. Lile jembamba la katikati hutoa nje hewa iliyokwisha kuungua. Lile nene linalolizunguka huingiza hewa mpya kutoka nje ili moto uwake. Kwa hiyo moto ule hauli hewa ya chumbani wala hauitapiki humo. Kioo kikiwa kimefungwa vizuri, moto na mtu wanakaa chumba kimoja bila kupumuliana. Niliipenda akili hiyo. Nilimweleza bosi kwa furaha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bomba lisionekane nje.

"Litaonekana," nikasema.

"Ukuta wa mbele nimeuwekea mawe ya urembo, fundi. Liishie darini."

"Darini kuna mbao na jipsamu. Na hewa ile itashuka kwenye vyumba vya kulala."

"Hewa gani? Gesi si haina moshi?"

Tulibishana siku nzima. Nilimwambia kama anataka liishie darini amwite mmoja wa wale mafundi wawili waliokimbia, maana huenda walikimbia kwa sababu hiyo. Mkewe ndiye aliyetuamua. Alisema litokee ukuta wa pembeni, upande wa tangi la maji, ambako wageni hawapiti.

Nikatoboa huko. Kitabu kilisema mdomo wa bomba ukae futi moja mbali na dirisha lolote linalofunguka. Mimi nikaweka tatu, kwa sababu nawajua watu na madirisha. Bomba nililipandisha kwanza, kisha nikalilaza kuelekea nje huku likiinuka kidogo. Kila maungio nikayapaka silikoni inayostahimili moto na kuyakaza kwa skrubu fupi zisizofika bomba la ndani. Penye mbao niliacha nafasi kama kitabu kilivyotaka, nikaizungushia bati. Sindano za kichomeo, vile vitundu vinavyopima gesi, nilizikuta ni za gesi ya mabombani, si ya mtungi, nikakataa kuwasha mpaka zilipoletwa nyingine, na hilo peke yake lilichukua majuma matatu ya bosi kuniita mwanamke mgumu. Mitungi niliiweka nje kwenye kizimba chenye matundu chini, maana gesi hiyo ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni. Nikapima kila mpira kwa povu la sabuni. Mwisho nikafunga king'ora ukutani, kile kinacholia hewa ya sumu ikizidi.

Siku ya kuwasha bosi aliwaita majirani na ndugu, na katekista akaja kuombea. Mzee aliketi mbele kwenye kigoda chake, miguu mitupu kwenye vigae. Alikuwa mtu mrefu aliyekauka vizuri. Herufi r hakuwa nayo na hakuihitaji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Malahaba, mayu," yaani mama, kisha akamwuliza mwanawe kwa nini fundi wa shikome ni mwanamke. Bosi akasema ndiye aliyesoma kitabu.

Niliwasha. Moto ukatokea kwenye yale magogo ya udongo, mzuri kweli. Mzee aliutazama kwa muda. Akainama, akatazama juu ya sanduku, akatazama dari, akanigeukia.

"Moshi uko wapi?"

"Mzee," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "moto huu hauna moshi."

Watu walipiga makofi. Ningeweza kusema kwamba moshi wake upo ila hauonekani wala haunuki, na kwamba ndiyo maana nimetoboa ukuta. Ni maneno machache tu ya ziada. Sikuyasema kwa sababu makofi yalikuwa matamu, na fundi mwanamke hapigiwi makofi kila siku.

Mzee hakupiga. Aligonga kioo kwa kucha. Akauliza atachomaje kalanga kwenye moto uliofungiwa kabatini. Nikamwambia kioo hakitolewi, ni amri. Akasema amri ya nani. Nikasema ya kitabu. Akasema hamjui baba yake huyo kitabu.

Niliandika masharti sita kwa Kiswahili, herufi kubwa, nikayabandika ukutani: kioo kisitolewe, bomba la nje lisizibwe, king'ora kisizimwe, na mengine. Bosi akatia saini nakala moja, nami nikatia nyingine na jina langu kamili. Nikarudi Kahama nikiwa na majivuno kuliko kawaida yangu.

Mwezi wa sita ukaja na kipupwe. Nilikuwa Geita, juu ya paa la kantini, ninafunga bomba la jiko, mke wa bosi aliponipigia.

"Dada fundi, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Naulizia rangi. Ukuta juu ya moto unaota weusi. Tumepaka mara mbili, unarudi. Kuna rangi maalumu?"

"Weusi gani?"

"Kama masizi ya sufuria."

Niliweka bisibisi chini. "Masizi yatapitaje kwenye kioo?"

"Kioo tulikitoa, dada. Mzee alikuwa anakaa pale ananung'unika. Nikaona nitoe zile skrubu nne nimwekee karanga zake kwenye kikaango. Alifurahi, ungemwona! Tangu aje hapa sijamwona akicheka vile."

"King'ora hakikulia?"

"Kililia. Kililia jioni mbili mfululizo kama kifaranga kilichopotea, tukajua betri imekwisha. Tukazitoa. Ila zilikuwa nzima bwana, mzee anazitumia kwenye redio."

Nilimwuliza bomba la nje likoje. Akasema liko salama kabisa, tena safi, kwa sababu walipopaka nyumba rangi kabla ya Pasaka fundi rangi alilivika nailoni na kulizungushia gundi ya karatasi ili lisichafuke, na mpaka leo hawajalivua kwa kuwa manyigu walikuwa wameanza kujenga mdomoni mwake.

"Mmeziba bomba," nikasema.

"Dada, si ulisema hauna moshi?"

Ni kweli nilisema, na watu thelathini walinisikia.

"Mzee hajambo?" nikauliza.

"Hajambo kidogo. Kichwa kinamwuma, anatapika. Dispensari walisema malaria, akamaliza dawa. Wakasema taifodi, akamaliza. Sasa wanasema UTI."

"Anaumwa saa ngapi?"

"Jioni. Asubuhi anaamka mzima. Juma lililopita alikwenda Bugarama kwa wifi yangu siku tatu, hakumeza hata kidonge, akala, akatembea. Karudi hapa, kaanza tena." Akashusha sauti. "Halafu anaongea na watu."

"Watu gani?"

"Sisi hatuwaoni. Ndicho kinachotutisha. Bosi amemwita mtaalamu wa kuja kuikagua nyumba, atafika Jumamosi."

Mtaalamu mwenyewe hakuwa wa gesi.

Nasema wazi kwamba niliogopa. Nilikaa juu ya bati lililokuwa la moto bila kulisikia. Na kitu cha kwanza nilichokiona akilini hakikuwa mzee. Kilikuwa ile karatasi yenye jina langu kamili. Mzee alikuja wa pili. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Nikamwambia afunge mtungi wa nje sasa hivi, afungue kila dirisha na kila mlango, amtoe mzee nje, yeye na wote waliomo wasirudi mle ndani, kisha mzee apelekwe hospitali kubwa na daktari aambiwe kwamba alikuwa anaota moto wa gesi kwenye chumba kilichofungwa. Akasema bosi atauliza kwa nini. Nikasema nipe bosi.

Bosi alikuwa chumba cha pili; kwa hali ya baba yake hakwenda makarashani siku hiyo. Akachukua simu akaanza kunieleza kwamba nyumba ina maadui, kwamba tangu ajenge watu hawalali kwa wivu, na lisemwalo lipo. Nilimkatiza.

"Bosi, enzi zako za duara, mkikuta maji chini mlikuwa mnavuta kwa pampu ya petroli. Pampu mliiweka wapi?"

"Juu."

"Kwa nini hamkuishusha chini, karibu na maji?"

Hakuna mchimbaji kuanzia Segese mpaka Geita asiyejua kwa nini. Pampu ikishushwa, hewa yake chafu hujaa shimoni, mtu hupata usingizi mtamu, hukaa kidogo apumzike, na anayemfuata kumwinua hukaa naye. Sisi huko tunasema hewa imekata, na kila kijiji kina mama anayejua maana yake.

"Mzee wako yuko chini ya duara," nikasema, "na pampu mmeishusha."

Simu ilianguka. Sikusikia tena kitu isipokuwa viatu vikikimbia kwenye vigae. Alikuja kunisimulia baadaye kwamba alimbeba baba yake mgongoni hadi kwenye tangi la maji, na kwamba mzee alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa mawe, akashangaa ni lini baba yake aliisha hivyo.

Mzee alikaa hospitali siku mbili, akawekewa hewa safi puani, akatoka. Mtaalamu wa Jumamosi aliambiwa asije.

Mimi nilifika Segese siku iliyofuata simu. Niliivua ile nailoni. Ilikuwa imefungwa kwa ustadi, lazima niseme. Laiti mabomba yangu yote yangefungwa hivyo. Nikawaondoa manyigu, nikaweka wavu mpana unaoruhusiwa kwenye kitabu, nikasafisha masizi ndani ya sanduku, nikabadilisha gasketi ya kioo na kukirudisha kwa skrubu zenye kichwa kisichofunguliwa na bisibisi ya jikoni. King'ora nilikipa betri mpya nikakifunga juu asikokifikia mtu bila ngazi. Halafu nikawasha moto, nikachoma ubani, nikauzungusha ule moshi wake pembeni mwa kioo na kwenye kila maungio nione kama unavutwa au unasukumwa mahali. Ulipanda wima. Nikawakusanya wote, bosi na mkewe na msichana wa kazi, nikayasema sasa yale maneno niliyoyaacha siku ya makofi. Hakuna aliyepiga makofi. Mke wa bosi alilia, akasema alikuwa anamwua baba mkwe kwa karanga. Nikamwambia hapana, sote tulishirikiana.

Kumbe kazi haikuwa imekwisha.

Nilirudi baada ya juma moja kukagua, maana sikuwa naamini mtu tena, hata mimi mwenyewe. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Bosi alikuwa kwenye makarasha, mkewe dukani, watoto bweni. Msichana wa kazi alinifungulia akarudi jikoni. Mzee alikuwa sebuleni peke yake mbele ya moto, kwenye kigoda, mgongo umenyooka, na makochi matupu nyuma yake yalitosha watu kumi na wawili. Redio ilikuwa imezimwa.

Nilimwamkia, nikapima kila kitu kimya. Kila kitu kilikuwa sawa. Moto ulikuwa wa rangi inayotakiwa, kioo kimeshika, hewa ya chumbani safi. Nilikuwa nakusanya vifaa aliposema bila kunitazama:

"Mayu, ile nailoni uliipeleka wapi?"

"Niliitupa, mzee."

"Huwezi kuilejesha?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza anamaanisha nini. Akasema niirejeshe kidogo tu. Nusu. Si lazima bomba lote.

"Mzee, itakuua."

"Najua. Wamenieleza hospitali." Akaisogeza miguu yake karibu na kioo. "Lakini ilipokuwepo, walikuwa wanakuja."

Nikamwuliza nani. Akawahesabu kwa vidole, taratibu, wote marehemu. Ndugu yake mkubwa. Wenzake wawili waliochunga naye. Jirani yake wa Tinde aliyekuwa na utani mwingi, aliyekufa akiwa bado anamdai hadithi. Walikaa hapa na hapa, akaonyesha vigae. Walizungumza habari za ng'ombe mmoja mweusi. Hata mkewe alikuja siku moja, akasimama pale mlangoni na chakula, hakukaa, maana alikuwa mwanamke wa adabu.

"Kichwa kiliuma," akasema, "lakini shikome ilikuwa imejaa. Tangu utoe nailoni sijamwona mtu."

Nilikasirika. Sijui niliwakasirikia nani. Niliikasirikia nyumba ile ya vyumba saba, nikamkasirikia mke wa bosi aliyekaanga karanga kwa heshima, akaziweka mbele ya moto na kuondoka, kama alivyofundishwa na mama yake. Nikajikasirikia mimi niliyesoma kitabu kizima kwa siku mbili nikitafuta hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Nilitaka kukaa pale sakafuni nimsikilize. Nilipiga hata goti. Akanitazama kwa upole, akasema, "Hapana, mayu. Hapa si mahali pako," na hakuwa amenitukana. Ndivyo ilivyo. Machozi yakanitoka nikiwa nimepiga goti moja na spana mkononi.

Nikaenda kwenye ile karatasi ya masharti. Mke wa bosi alikuwa ameitia kwenye fremu ya dhahabu na kuitundika ukumbini kwa sababu iliharibu ukuta wa sebuleni. Nikaitoa kwenye fremu, nikaandika chini ya la sita: *La saba. Moto usiwashwe mzee akiwa peke yake. Akae na mwanamume wa nyumba hii.* Nikatia saini.

Bosi alinikuta hapo hapo. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye makarasha, vumbi la mawe limempaka kuanzia kichwani hadi viatuni, kope nyeupe, midomo myeupe. Alisoma akiwa amesimama.

"Hili la saba halimo kwenye kitabu."

"Halimo."

"Mwanamume wa nyumba hii ni mimi peke yangu. Na mimi hurudi saa tatu usiku, fundi, leo nimewahi kwa sababu mashine imekatika mkanda."

"Basi moto usiwashwe."

"Bomba si limezibuka? Mwenyewe umesema hewa ni safi. Akikaa peke yake kuna hatari gani?"

Nilimweleza alichoniomba baba yake. Nilimweleza kama nilivyosikia, pamoja na neno *nusu*. Sikuongeza kitu, na safari hii sikupunguza.

Bosi aliishika ile karatasi kwa muda. Kisha akanirudishia, akaingia sebuleni na viatu vyake vya kazini, akiacha alama nyeupe kwenye vigae vya rangi ya maziwa, na akakaa chini sakafuni upande wa pili wa moto. Nadhani hakujua mtu huanzaje kuongea kwenye shikome.

Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi kope, bila haraka. Akasogeza kigoda chake kidogo kumpa nafasi, kisha akamwuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini:

"Na wewe, mwanangu, umekufa lini?"